Sijaona vizuri tangu Shaabani: uchambuzi wa kisa cha mfuko mtupu

Alikuja hajala tangu usiku, kama alivyoelekezwa. Kanga juu ya dera, mkoba kwapani, na bahasha ya kaki iliyokuwa na cheti cha altrasaundi aliyopimwa juzi yake kwenye kituo kingine. Cheti kilisema, kwa kalamu ya bluu: mfuko wa mimba umo ndani ya kizazi, hauna kitu, umri wa mimba kwa hedhi wiki 10 na siku 2, mimba imeharibika, asafishwe kizazi.

Hospitali yetu ni ya wilaya, ukanda wa pwani. Kazi yangu ni altrasaundi. Simsafishi mtu wala siandiki dawa. Ila tuna utaratibu kwamba hakuna anayeingizwa chumba cha kusafishia kwa cheti cha nje bila kupimwa tena kwetu. Utaratibu huo huwaudhi watu, maana ni foleni nyingine na pesa nyingine, na asubuhi ile ulimuudhi mama mkwe wake aliyemsindikiza. "Mwanangu, huyu ameshapimwa. Tumeambiwa tumbo halina kitu. Mnampima mara ngapi?"

"Mama, nivumilie dakika ishirini," nikamwambia. Nikamwomba abaki kwenye benchi nje. Binti nikaingia naye, nikafunga mlango.

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa yake. Jina, mtaa na mwaka nimeviacha.

Umri miaka 27, mimba ya pili. Wa kwanza ana miaka 3, alizaliwa salama kwa njia ya kawaida. Baada ya yule alitumia sindano ya miezi mitatu, akaacha. Ya mwisho ilichomwa miezi 11 kabla ya siku tuliyoonana. Wiki ile alikuwa ameona matone ya rangi ya kahawa kwenye nguo ya ndani, siku mbili, ndiyo sababu alikwenda kupimwa. Maumivu hana, kizunguzungu hana, presha nzuri, kundi la damu O chanya.

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu humuuliza: mara ya mwisho kuona siku zako lini?

"Shaabani, tarehe ishirini hivi. Tangu hapo sijaona vizuri."

Aliyejaza fomu ya kituo kile aliuliza swali hilohilo na akapata jibu hilohilo. Akaigeuza 20 Shaabani, mwezi ulio kabla ya Ramadhani, kuwa tarehe ya kizungu, akaiandika kwenye mstari wa hedhi ya mwisho, akaendelea na anayefuata. Simlaumu sana. Fomu ina nafasi ya tarehe moja, na neno "vizuri" halina pa kuandikwa. Lakini kisa chote kimo ndani ya neno hilo. Mwanamke akisema hajaona kabisa, huyo hajaona. Akisema hajaona vizuri, kuna alichokiona.

Kwa mama wa Kiislamu nina swali langu jingine, nililolipata kwa bibi mkunga aliyenifundisha kazi, na sijalikuta kwenye fomu yoyote. Nikamuuliza: Ramadhani ulikula siku ngapi?

"Tatu." Hakufikiri hata kidogo. "Nina deni la siku tatu."

"Zipi?"

"Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne. Iliniuma kwa sababu ni kumi la mwisho."

Mwenye hedhi hafungi, na siku alizokula huzilipa baadaye. Mwanamke anaweza kusahau tarehe ya hedhi, lakini deni la funga halisahau. Nikamuuliza kwa nini hakuitaja damu ile kule. Akanishangaa kidogo. "Dada, wameniuliza hedhi. Mimi hedhi yangu siku sita, ile ilikuwa nyepesi, nikajua ni mambo ya sindano."

Na kweli sindano ile ina mambo yake. Baada ya kuiacha, mzunguko huchelewa kurudi. Kwa wastani mwanamke hushika mimba kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na katikati hapo hedhi huja nyepesi, nzito, au hairuki mwezi ila inaruka miwili. Hesabu ya kawaida ya kliniki, ile ya siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi, inamchukulia kila mwanamke kuwa ana mzunguko wa siku 28 na yai linatoka siku ya 14. Aliyetoka kwenye sindano si wa kumpimia kwa rula hiyo.

Nikaendelea. Umepima mkojo lini? Mara mbili, akasema. Mara ya kwanza tarehe 18 Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Anaikumbuka kwa sababu mumewe alikuwa akisafiri kesho yake na walitaka kujua kabla hajaondoka. Mstari mmoja. Baada ya siku kumi akanunua kipimo kingine duka lilelile la dawa. Mistari miwili.

Kama fomu ilikuwa sahihi, ile tarehe 18 mimba ilikuwa na wiki 8 na siku 2. Huo ni wakati ambao homoni ya mimba imepanda karibu na kilele chake, na kijiti cha mkojo cha elfu moja tu kingesoma bila shida. Mstari mmoja wiki ya 8, kisha miwili wiki ya 9 na nusu? Hilo peke yake lilitosha kunifanya niitilie shaka fomu. Kipimo kile hakikuandikwa popote kwenye cheti, na nadhani hakuna aliyekiuliza.

Kuhusu mume nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwa nini mama mkwe alikaa vile pale nje, midomo imebana. Mume ni dereva wa lori la mizigo ya Zambia. Aliondoka 27 Shaabani, kabla ya mwezi kuandama, na akarudi lini?

"Siku niliyomaliza sita."

Alifunga sita, zile funga za sunna za Mfunguo mosi, tangu Idi pili, mfululizo, kwa hiyo ni tarehe 7. (Kwamba alitanguliza sita akaacha deni ni la kumuuliza shehe wake, si mimi.) Mume alikaa siku 12, akaondoka tena. Sasa chukua zile wiki 10 na siku 2 za cheti uzirudishe nyuma kwa hesabu ya watu wa kawaida: mimba ilitunga mwanzoni mwa Ramadhani, mwanamume akiwa barabarani kule Tunduma. Cheti kilichoandikwa ili kueleza hali ya kizazi kilikuwa kimebeba na shtaka. Binti hakulisema. Mama mkwe hakulisema. Nilihisi kwamba hata kusafishwa upesi wote wawili walikutaka kwa sababu moja, ili hesabu iishe.

Kabla sijagusa mashine, basi, nilikuwa na haya: damu ya siku tatu tangu 22 Ramadhani, mume kurudi 7 Mfunguo mosi, kipimo cha mkojo kukosa mimba tarehe 18, kipimo kuiona mimba tarehe 28. Leo ni tarehe 4 Mfunguo pili, siku 27 tangu mume arudi. Wakunga na madaktari huhesabu umri wa mimba kuanzia wiki mbili kabla ya kutunga, kwa hiyo 27 jumlisha 14 ni 41. Mimba hii haiwezi kuzidi siku 41, yaani wiki 5 na siku 6.

Mtu makini atauliza: je, kama ilitunga mwisho wa Shaabani, kabla mume hajaondoka, na ile damu ya Ramadhani ilikuwa damu ya mimba inayotishia kutoka? Inawezekana kwa wengine. Kwa huyu kijiti cha tarehe 18 kinakataa.

Kwenye mashine

Nilimweleza kwamba nitapima kwa ndani, kupitia ukeni, kwa nini, na kwamba akisema basi ninaacha. Akakubali. Nikampeleka msalani kwanza akatoe haja ndogo, maana kipimo cha juu ya tumbo huhitaji kibofu kilichojaa na cha ndani kinahitaji kitupu; wengi huja wamekunywa lita mbili za maji na wanaumia bure. Kondomu juu ya kichwa cha mashine, jeli, taratibu.

Mfuko ulikuwepo, juu kidogo ndani ya kizazi, umejichimbia upande mmoja wa utando, haukukaa katikati. Ukingo wake mweupe, mnene, kama pete mbili zilizopandana. Nikaupima pande tatu, nikachukua wastani: milimita 11. Ndani yake, ukutani, kulikuwa na kiduara cheupe chenye tundu, kama ushanga. Hicho ni kifuko cha kiini, ambacho hulisha kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mchanga kabisa, kabla kondo halijashika kazi. Milimita 3. Kiinitete sikukiona. Mapigo sikuyaona. Ovari ya kulia ilikuwa na uvimbe mdogo wa maji wenye ukingo mnene, pale yai lilipotokea, ndiyo kawaida. Nyuma ya kizazi hakuna damu wala maji.

Kuna hesabu ya mkono ambayo kila mpimaji anaijua: wastani wa mfuko kwa milimita, jumlisha 30, unapata umri wa mimba kwa siku. 11 na 30 ni 41. Ni makadirio tu, na siku mbili tatu huenda huku au kule, lakini safari ya lori na milimita za mashine zilikuwa zimekutana mahali pamoja, na nakiri nilitabasamu peke yangu kwenye giza la chumba.

Nikarudi kwenye cheti cha kwanza. Kulikuwa na picha imebanwa kwa pini, karatasi ile ya kung'aa, na chini yake, kwa herufi ndogo za mashine, vipimo: mfuko milimita 9, wiki 5 na siku 4. Mashine ya wenzetu ilikuwa imesema kweli. Aliyeandika cheti aliuona umri ule, akauona na wa fomu, akahitimisha kwamba mimba ilisimama kukua wiki ya 5 na sasa imefika wiki ya 10 ikiwa mfu. Ni hitimisho la mtu anayefikiri, tena mara nyingi huwa kweli. Ila lilisimama juu ya tarehe ambayo hakuna aliyeiuliza mara ya pili.

Nilichoandika, na ambacho sikuandika

Niliandika: mimba changa sana, moja, imo ndani ya kizazi, kifuko cha kiini kinaonekana, kiinitete bado, uhai haujathibitishwa wala haujakanushwa, vipimo vinalingana na wiki 5 na siku 6, arudi kupimwa kwa ndani baada ya siku 14.

Daktari wa zamu, kijana mwenye heshima na wagonjwa kumi mbele yake, alinijia na karatasi mkononi. "Dada, sasa nimwambie nini, iko hai au haiko?"

"Mwambie imo kwenye kizazi, hilo nina hakika nalo. Kuwa hai, bado ni mapema kwa mtu yeyote kulisema."

Hakupendezwa sana, na ninamwelewa. Mgonjwa anataka neno, na wodi inataka kitanda. "Rudi baada ya wiki mbili" haifanani na matibabu. Lakini tuangalie kwa nini ndiyo lililokuwa jibu.

Kwa kipimo cha ndani mfuko huanza kuonekana karibu na wiki ya 5, kifuko cha kiini nusu wiki baadaye, kiinitete na mapigo yake karibu na wiki ya 6. Kwa kipimo cha juu ya tumbo kila kimoja huchelewa, wiki nzima au zaidi, na mama akiwa na mwili ndiyo kabisa. Kwa hiyo mfuko wa milimita 9 uliopimwa juu ya tumbo, ukaonekana hauna kitu, haujasema lolote. Hata kama tarehe zingekuwa sahihi, hata kama angekuja na daftari lenye hedhi zote za mwaka, kipimo kile kisingetosha kumpeleka chumba cha kusafishia. Kingetosha kumtia mtu wasiwasi, basi.

Mstari uko wapi? Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha makubaliano ya jopo lililoitishwa na chama cha wataalamu wa altrasaundi cha Marekani, na ndiyo wengi tunayoyafuata leo. Mfuko wa wastani wa milimita 25 au zaidi usio na kiinitete, mimba imeharibika. Kiinitete cha milimita 7 au zaidi kisicho na mapigo, imeharibika. Chini ya hapo, mpimaji anaruhusiwa kushuku, haruhusiwi kuhukumu. Kama kipimo cha kwanza kilionyesha mfuko bila kifuko cha kiini, zisubiriwe wiki mbili au zaidi; kama kifuko cha kiini kilikuwepo, siku 11 au zaidi. Muda huo ukipita na bado hakuna kiinitete chenye mapigo, hapo neno linaweza kutoka. Haya yote ni kwa kipimo cha ndani. Mfuko wa binti huyu ulikuwa na 9, siku mbili baadaye 11. Kutoka hapo hadi 25 ni safari.

Namba hizo zilipandishwa makusudi. Sisi wa umri wangu tulifundishwa 16, wengine 20, na kiinitete 5. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza na Ubelgiji walionyesha mambo mawili yanayokera: kwamba mimba chache zilizovuka mistari ile ya zamani zilikuja kuwa hai, na kwamba wapimaji wawili wazoefu wakiupima mfuko mmoja hawapati namba moja. Mfuko ambao mmoja ameusoma milimita 20, mwenzake anaweza kuusoma chini ya 17 au zaidi ya 24. Ukiwa na rula inayoteleza hivyo, mstari lazima uusogeze mbali. Uingereza ikasogeza mwaka uleule.

Ayalandi nako kulikuwa kumewaka moto. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya mama aliyeambiwa hakuna mapigo, akapewa dawa na tarehe ya kusafishwa, akaenda kupimwa kwingine kabla ya tarehe hiyo, moyo ukaonekana unapiga, mtoto akazaliwa. Wanawake wengine wakajitokeza na hadithi kama yake. Uchunguzi wa taifa ulioundwa ulichambua visa 24, ripoti ikatoka Aprili 2011. Ninawatajia wapimaji vijana kisa hicho kila wanapodhani kwamba makosa haya ni ya sisi wenye mashine za zamani na umeme wa kukatikakatika.

Ukitazama mizani, upande mmoja kuna siku 11 au 14 za kusubiri, za mateso ya moyo, sikatai. Upande wa pili kuna mimba hai iliyonyonywa kwa pampu ya mkono, na hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna anayerudi kulalamika kuhusu kitu ambacho cheti kilisema hakikuwepo. Ndiyo maana sina takwimu za kwetu za kukupa.

Kusubiri kuna masharti yake

Nisieleweke kwamba kila mwenye mfuko mtupu akalale nyumbani. Nilichokitafuta kwanza kwa binti huyu, kabla ya uhai, ni mahali. Katika kila mimba 100, moja hadi mbili hutunga nje ya kizazi, nyingi kwenye mrija, na hizo ndizo zinazoua kimyakimya: mama anaambiwa ni mapema, anarudi nyumbani, mrija unapasuka usiku. Mbaya zaidi, kizazi cha mwenye mimba ya mrija kinaweza kuwa na maji katikati yanayofanana na mfuko. Mpimaji mwenye haraka ataandika "mfuko mtupu", na mama atasafishwa kizazi kisichokuwa na mimba huku mimba yenyewe iko pembeni inakua.

Ndiyo sababu kile kiduara cha milimita 3 nilikifurahia kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile. Maji ya uongo hayana kifuko cha kiini. Kikionekana, mimba imo ndani, na kusubiri kunakuwa salama. Kisingeonekana, ningemwita daktari mwenyewe, tungezungumza kuhusu kupima kiwango cha homoni kwenye damu na kurudia baada ya saa 48, na nisingemtaka aondoke karibu na hospitali. Kwetu kipimo hicho cha damu hupelekwa mjini na kinalipiwa si haba, kwa hiyo hatukiombi kwa mtu ambaye picha imeshajibu.

Hata hivyo aliondoka na maneno ya kukumbuka, niliyomwambia yeye na mama mkwe pamoja: maumivu makali ya tumbo upande mmoja, maumivu ya bega yasiyo na sababu, kizunguzungu au kuzimia, damu ya kulowesha kitambaa zaidi ya kimoja kwa saa, njoo saa hiyohiyo, usingoje tarehe.

Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa ndani sasa, nilimweleza na hesabu, bila kuonyesha kwamba najua alichokuwa akikihesabu. "Mama, mimba hii ni changa, ina wiki tano na siku sita, na sisi tunaanza kuhesabu wiki mbili kabla haijaingia. Kwa hiyo imeingia baada ya Idi." Akatazama vidole vyake, akakunja kimoja kimoja. Mwanawe alimkuta yeye anatoa tambi za futari ya huyu mkwewe, akasema. Siku ya mwisho ya sita. Kisha akamgeukia binti, "Hujala wewe tangu jana," wakatoka kwenda kutafuta chai.

Tarehe 18 Mfunguo pili

Alirudi siku ya 14, saa moja na nusu asubuhi, kabla sijawasha mashine. Matone yalikuwa yamekatika siku nne baada ya kuonana. Kichefuchefu kimeanza, na harufu ya vitunguu haitaki.

Kiinitete: milimita 14 kutoka kichwani hadi makalioni. Wiki 7 na siku 5. Kipimo hiki cha urefu kilianzia Glasgow mwaka 1973, kwa kazi ya Hugh Robinson, na mpaka leo hakuna kinachokishinda kwa kutaja umri wa mimba changa. Katikati yake kilimetameta kitu kidogo, haraka haraka, kama taa ya jahazi mbali. Nikaugeuza uso wa mashine aone. Mapigo 158 kwa dakika.

Akaniomba nimsikilizishe. Nilikataa, na wengi hukasirika hapa. Sauti ile hutolewa na mawimbi yenye nguvu kubwa zaidi ya yale ya picha, yanayoelekezwa mahali pamoja, na mapema hivi hatuyatumii bila sababu ya kitabibu. Mapigo nimeyahesabu kwa mchoro wa mistari kwenye kioo, na hilo linatosha. Alilia bila sauti kwa muda, mimi nikajifanya naandika.

Kwenye cheti niliandika tarehe mpya ya kujifungua na nikapigia mstari maneno haya: tarehe ya altrasaundi ndiyo itumike, ya hedhi iachwe. Mimba ikiwa chini ya wiki 9, tofauti ya zaidi ya siku 5 kati ya hedhi na altrasaundi inatosha kubadilisha tarehe. Huyu alikuwa na tofauti ya siku 34.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kadi yake ya kliniki ilifunguliwa zahanati ya mtaani kwao, na aliyeifungua alinakili tarehe kutoka kwenye cheti cha kwanza kabisa, kile cha kalamu ya bluu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24, na sababu kubwa ni kupata tarehe sahihi. Tarehe yenyewe, ikishapatikana, inabaki karatasi kwenye mkoba wa mama, na kadi inaendelea na yake.

Kwa hiyo miezi saba baadaye niliitwa wodini kumpima mjamzito aliyepewa rufaa ya kuanzishiwa uchungu kwa kupitiliza siku. Kadi: wiki 41. Alikuwa yeye. Amekaa kitandani, miguu imevimba kidogo, mama mkwe yuko pembeni na chupa ya uji. Kabla sijasema neno, mama mkwe alifungua mfuko wa nailoni wa kadi, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Cheti changu, na mstari wangu.

Wiki 41 za kadi zilikuwa wiki 36 na siku 1. Daktari alikisoma cheti mara mbili, akaikata tarehe ya kwenye kadi kwa kalamu nyekundu na kumrudisha nyumbani. Alijifungua siku 24 baadaye, mwanzoni mwa Rajabu, kwa uchungu wake mwenyewe. Msichana, kilo 3.1.